Mahindi ya Chini ya Kitanda

Maktaba ya chuo chetu ilinuka ukungu. Wenzangu walilichekea jambo hilo. Walisema vitabu vile ukivipigia chafya vinakujibu. Mimi sikucheka. Nikishamwachia karani mfuko wangu mlangoni, nikavuka ile meza ya magazeti, nilikuwa nasikia mtoto anatafuna mahindi makavu. Kra, kra, kra. Pole pole, kama mtu anayejificha asisikike. Mara ya kwanza niliinama kabisa nikachungulia chini ya meza, na msichana wa darasa letu akaniuliza kama nimeangusha shilingi. Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini? Kwamba namtafuta ndugu yangu aliyekufa?

Ndugu yangu huyo alikuwa kitinda mimba wetu. Tulilala kitanda kimoja, nyumbani kwetu upande wa Masii, na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kupita kiasi: taa ikizimwa, anateremsha mkono, anatoboa gunia kwa kidole, anatoa punje za mahindi na kuzitafuna sikioni mwangu. Namfinya, ananyamaza kidogo, anaanza tena. Magunia yalikuwa chini ya kitanda chetu kwa sababu mwaka huo mvua ilinyesha wakati wa kuvuna, na juu ya hayo kulikuwa na wezi waliokuwa wakifungua maghala ya watu na kubeba kila kitu. Basi Mama akaamua mahindi yake yalale ndani pamoja nasi. Yaliingia yakiwa bado na maji. Chumba kikapata joto, na harufu kama ya nguo zilizoanuliwa kabla hazijakauka. Baada ya siku chache tukaizoea.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Mchana nilikula shuleni, isyo ya jikoni ya shule, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa kwenye pipa. Yeye hakuwa ameanza shule. Alikula nyumbani asubuhi, mchana na jioni, na juu ya hayo zile punje zake za gizani.

Kwanza alitapika. Kisha tumbo likajaa likawa gumu, macho yakawa manjano, manjano ya kiini cha yai, na hata mkojo ukabadilika. Baba alimbeba hadi hospitali, na alirudi naye amefungwa kwenye blanketi. Wiki hiyo hiyo kuku wa Mama wakaanza kufa. Halafu mbwa. Watu waliokuja matangani walipowaona kuku wamelala miguu juu, wakaangaliana. Wakasema huu si ugonjwa, ugonjwa gani unaompata mtoto na kuku na mbwa kwa pamoja? Huu ni mkono wa mtu.

Mkono wenyewe haukutafutwa mbali. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mdogo, mwenye watoto. Mkubwa hakujaliwa mtoto. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na kila mmoja wao alikuwa na jiko lake na shamba lake, na hawakuwa watu wa kuombana chumvi. Habari ikatembea kwamba mama mkubwa alisimama mlangoni kwetu, akayatazama mahindi ya Mama na kusema: "Watoto wa nyumba hii hawatakula haya wakue." Hayo ndiyo maneno. Niliyasikia kisimani, niliyasikia kanisani, niliyasikia shuleni kutoka kwa watoto ambao hata kwetu hawajawahi kufika. Kisha vijana wa ukoo wakaja mchana kweupe wakaezua mabati ya nyumba yake. Alitoka na kiondo na jembe. Hakulia wala hakutukana mtu. Alikwenda Katangi, akapanga chumba nyuma ya maduka, akaishi kwa kuuza ndengu na kunde sokoni.

Sasa mtu aniambie, mtoto afanye nini na jambo kama hilo? Yule mama ndiye aliyenisuka nywele. Mimi nina jina la mama mzazi wa Baba, yaani mama mkwe wa huyo mama mkubwa, na kwetu Ukambani mke hamwiti mtoto mwenye jina la mama mkwe hivi hivi tu. Kwa hiyo tangu nizaliwe yeye aliniita Mwaitu, yaani mama yetu. "Mwaitu, njoo nikusuke. Mwaitu, umekula?" Mtu mzima ananiheshimu namna hiyo na mimi kamasi zinanitoka! Halafu naambiwa ni mchawi. Nilimwogopa na nilimkosa, yote kwa pamoja, na hakuna aliyeniuliza.

Basi hayo ndiyo niliyokwenda nayo chuoni Machakos, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ndani kabisa, chini ya sare na sanduku la bati.

Mwalimu wetu wa utafiti alikuwa mtu mkavu, mrefu, mwenye sweta moja ya kijani, na kazi yake ilikuwa kutuharibia raha. Ukimwambia jambo lolote, hata kwamba nje kumenyesha, anauliza: "Nani alisema? Na yeye aliambiwa na nani?" Tulimwiga bwenini mpaka tukatoka machozi. Mtu akisema leo chakula ni maharagwe, chumba kizima kinapaza sauti: nani alisema? Alitulazimisha kukata kadi kutoka kwa makatoni ya sabuni, kila chanzo na kadi yake. Mbele unaandika mwandishi, mwaka, jina la kitabu na ukurasa. Nyuma unaandika alijuaje: aliona mwenyewe, au alisoma kwa mwingine? Kama alisoma kwa mwingine, basi kadi hiyo bado iko njiani. Ifuate mpaka umfikie aliyeona. Ukimleta mtu wa katikati kana kwamba ndiye aliyeona, anakukata alama bila huruma, na anakukata akitabasamu.

Alitugawia mada yeye mwenyewe. Wengine walipata mpira, wengine wasichana kuacha shule, mada tamu tamu. Mimi nikapewa jinsi wakulima wadogo wanavyohifadhi nafaka. "Aiya," nikasema, "mimi nimekukosea nini, mwalimu?" Darasa likacheka, naye pia kidogo.

Muhula huo huo mtu alitoka Katangi akaja kwa Baba. Mama mkubwa alikuwa anaugua. Miguu imevimba, hawezi tena kukaa sokoni, na alikuwa na neno moja tu: anataka kurudi kwake. Hakutaka kufia nyuma ya maduka ya watu na kuzikwa mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua aliolewa wapi. Baba akasema ukoo hautakubali, mchawi anarudishwaje? Nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi, nikasikia yote. Nilirudi chuoni nimejaa hasira, na sikujua niimwage kwa nani.

Nikaimwagia katalogi. Zile droo ndogo za mbao, kadi zimechakaa pembeni kwa vidole vya watu, nilizivuta moja moja nikitafuta neno baada ya neno: mahindi, ghala, wadudu, unyevu. Rafu ya kilimo ilikuwa mwisho kabisa, karibu na dirisha linalotazama vilima, na huko ndiko kutafuna kulikosikika zaidi. Nilizoea kusoma nimeziba sikio moja kwa kiganja. Haikusaidia, ila kiganja kilikuwa kitu cha kufanya.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha wanafunzi, kinene, cha mambo ya dawa za wadudu na namna ya kujenga ghala. Karibu na mwisho kulikuwa na kurasa chache za ukungu. Mahindi yakiwekwa yakiwa mabichi, zilisema, yanaota ukungu wenye sumu, hiyo ambayo siku hizi tunaiita sumukuvu. Kuchemsha hakuiondoi. Inaharibu ini. Macho huwa manjano, tumbo hujaa, na katika nyumba hiyo hiyo mara nyingi hufa pia kuku na mbwa, kwa sababu wanakula kile kile.

Niliisoma sentensi ya kuku mpaka herufi zikaanza kutembea. Nikalitazama jalada, kana kwamba aliyeandika alikuwa amekaa matangani kwetu. Kisha nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya mkuu wa chuo.

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwenye msiba akipata jibu halichunguzi, analikumbatia. Lakini yule mtu wa sweta ya kijani alikuwa amenitia ugonjwa wake. Nikageuza kadi, nikajiuliza: huyu alijuaje? Kumbe hakuwa ameona mgonjwa hata mmoja; alinukuu kitabu kingine. Nikakitafuta hicho kingine, nacho kilinukuu ripoti fulani. Nikapata kijitabu cha maafisa wa kilimo, nikafurahi, nikasema haya, sasa ni watatu na wanakubaliana. Nikatazama chini ya ukurasa: ripoti ile ile. Kulikuwa pia na kipande cha gazeti kwenye faili, nacho kilisema tu "wataalamu wanasema". Wataalamu gani? Nikakiweka kando. Wale watatu wangu hawakuwa watatu. Alikuwa mtu mmoja anayesemewa na wengi.

Nilimwomba mkutubi anifungulie stoo walikotupa vilivyochakaa. Aliguna, akanipa ufunguo, akarudi kwenye chai yake. Nilikaa humo mchana wote, vumbi puani, harufu ya chumba chetu imenizunguka pande zote, na ndugu yangu anatafuna nyuma ya kila rafu. Ikafika mahali nikazungumza naye kwa sauti. Nikamwambia, "Ngoja kidogo. Nakutafutia." Akanyamaza. Haki ya Mungu, alinyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha kuliko kutafuna.

Ripoti nikaipata, haina jalada, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Ilikuwa ya daktari wa nchi ya mbali, na yeye hakuwa ameambiwa na mtu. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akawaona wagonjwa kwa macho yake, akauliza kila familia mahindi yao waliyaweka wapi. Walioumia zaidi ni wale walioyaingiza ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Waliokufa zaidi ni watoto wadogo. Nikapiga fotokopi, nikaandika kadi yangu kwa mwandiko mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika, mwandishi, mwaka, ukurasa, na nyuma: aliona mwenyewe.

Nilitoka humo na furaha. Nasema furaha, sitaki kudanganya. Niliona nimemkomboa mama mkubwa. Haikunijia hata kidogo kwamba mahindi hayakuingia yenyewe chini ya kitanda.

Likizo ilipofika nilimsomea Baba. Nilimtafsiria kwa Kikamba neno kwa neno, nikamwekea kidole kwenye sentensi ya kuku. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hiyo karatasi inajua mahindi," akasema. "Haijui maneno. Alisimama pale akasema watoto hawatakua. Aliapiza, na mahindi yakamtii."

"Ulimsikia, Baba?"

"Kila mtu anajua."

"Nimeuliza kama ulimsikia."

Hatukulelewa kumuuliza baba hivyo. Nilidhani atanitoa nje. Akanitazama, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba wakati huo yeye alikuwa kazini kiwandani, Athi River, na aliambiwa na dada yake.

Haya basi. Nikaenda kwa shangazi. Shangazi alinipa uji, akanipa na maneno yote, "hawatakula haya wakue", kwa mkono kifuani kama mtu anayeapa. Nikamuuliza nani alimwambia. Fundi cherehani wa Masii. Fundi cherehani alicheka, akasema wewe msichana una kazi kweli, lakini alikumbuka: alisikia kwamba mama mkubwa alisema "haya yatawamaliza watoto", na aliyemwambia ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Nikamuuliza na mzee wa kanisa; naye, kwa njia yake mwenyewe, akaishia kwa jirani huyo huyo. Na jirani, alipoona nimekuja, aliketi chini kabla sijamuuliza. Akasema yeye alichoambiwa ni kwamba mama mkubwa alisema haya si mahindi ya kuwapa watoto. Hivyo tu. Mengine aliyasikia baadaye kama sisi wote.

"Aliyekuambia ni nani?"

"Mama yako," akasema. "Kisimani. Kabla hatujamzika mtoto."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikikokota viatu. Kila nilipokaribia mwanzo, maneno yalipungua makali, na huko mwanzoni kabisa alikuwa amekaa mtu niliyenyonya maziwa yake. Kijiji kizima, shahidi mmoja. Nilihisi kama niko tena ndani ya ile stoo, nimeshika ripoti isiyo na jalada, ila safari hii sikutaka kuifungua.

Mama alikuwa uani anapeta mbaazi. Hakuinua macho.

"Nasikia unazunguka unauliza watu. Ni chuo kimekutuma?"

"Hapana, Mama. Nataka kujua alisema nini. Wewe ndiye ulikuwa pale."

Akapeta. Maganda yakaruka, akapeta tena.

"Ulipomsomea baba yako ile karatasi nilikuwa jikoni," akasema. "Nilisikia yote. Kwa hivyo ni mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimebeba kwenye mfuko siku zote hizo. Mama mkubwa akirudi msafi, basi mtoto aliuawa na mahindi, na mahindi yaliingizwa na Mama. Nikiikunja karatasi na kunyamaza, mgonjwa wa Katangi anakufa mchawi. Nimetafuta njia ya tatu mpaka leo, sijaiona. Nilianza kusema haraka haraka, kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyejua, hata hospitali hawakujua.

"Nilijua," Mama akanikata. "Aliniambia. Alisimama mlangoni, akachukua punje mkononi, akanusa. Akasema, 'Mama watoto, hii mahindi imelowa. Usipatie watoto.' Nikamwambia arudi kwake. Mtoto alipokufa nikakumbuka yale maneno. Nikaona lazima kuna mtu ameua. Kama si yeye, ni mimi. Na nilikuwa na nyinyi wengine wa kulea. Ningeamka asubuhi nikiwa nani?"

Alilia, nami nikalia, na kuku wakala mbaazi zote bila kufukuzwa. Nilitaka kumchukia. Niliona ingekuwa haki nimchukie, kwa ajili ya yule aliyenisuka nywele. Lakini nilimwangalia, mikono yake imeshika ungo mtupu, nikashindwa kabisa. Tangu mazishi hajawahi kulala kwenye kile chumba cha magunia wala kuingia bila kubisha. Tulidhani ni uzito wa msiba. Kumbe alikuwa anabisha kwa mtu.

Watu hudhani ukishajua kilichotokea, wafu wananyamaza. Wangu hakunyamaza. Siku hiyo niliposaidia kupika, nilimsikia kwenye kila punje iliyogusa sufuria.

Kabla likizo haijaisha Mama alisema twende Katangi. Hakumwambia Baba. Mwenye nyumba alikuwa Msomali mchuuzi wa mbuzi, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu za hina, na alipotusikia tunauliza akasema, "Mama yenu yuko huku nyuma," na lile "yenu" lilinichoma. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, miguu imevimba imewekwa juu ya debe lililopinduliwa. Mama alimsalimu. Hakuitikia. Alinitazama mimi.

"Mwaitu," akasema. "Umekuwa mkubwa hivi."

Nilishika mkono wake, nao ulikuwa mwepesi, ngozi tupu.

Mama aliketi chini, kwenye mchanga, na akasema yote pale pale. Kwamba aliambiwa mahindi yamelowa, asiwape watoto. Kwamba alikwenda kisimani akayasema maneno hayo kana kwamba ni maapizo. Kwamba sasa kuna karatasi ya chuo inayosema ni mahindi. Mama mkubwa alisikiliza macho yake yakiwa kwenye miguu yake mwenyewe.

"Si hayo tu," akasema.

Mama akachota mchanga kwa vidole.

"Maliza. Sikuishia hapo, na unajua sikuishia hapo."

Nilimgeukia Mama. Mimi niliyejiona nimefika kwa aliyeona mwenyewe! Kumbe kulikuwa na ukurasa mmoja bado umeshikana. Mama alifungua mdomo, akaufunga. Mama mkubwa akainama mbele juu ya miguu ile iliyojaa, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona akikasirika.

"Nimekaa hapa miaka yote hii nikingoja mtu mmoja tu aseme yale maneno vile niliyasema. Si nusu. Hutaki kumaliza hapa, sawa. Utamalizia mbele ya baba yao na ukoo wote. Usiongeze, usipunguze. Hapo nitarudi. Kama hutaki, niacheni na huyu Msomali, angalau ananipatia chai."

Nitasema sasa, ili nisilazimike kulisema baadaye, kwamba alirudi. Walimjengea nyumba ya matofali, ndogo, mahali pale pale pa zamani, na alikufa ndani yake baada ya mvua za mwaka uliofuata, nimeshika kichwa chake. Amezikwa kwake. Mradi wangu niliumaliza pia, na yule mtu wa sweta ya kijani alinipa alama nzuri, na hakujua kitu. Lakini hayo siyo ninayoyaona nikifumba macho.

Ninachoona ni uwanja wetu, mchana, jua la utosi, wazee wa ukoo, ambao Mama alimwomba Baba awaite, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Mama mkubwa wamemketisha kwenye kiti chenye mto, ng'ambo, mahali nyumba yake ilipokuwa, ambapo nyasi zilikuwa zimeota vibaya, mabaka mabaka. Nyuma ya wazee walikuwepo wanaume wawili ambao wakati ule walikuwa miongoni mwa vijana waliopanda juu ya paa. Mimi nilikuwa nimesimama na fotokopi zangu kifuani. Mzee mmoja akauliza hiyo karatasi ni ya nini, na Baba akamwambia iache kwanza. Nikaikunja. Ilikuwa na ukweli wote kuhusu mahindi na hakuna aliyeihitaji.

Mama akasimama katikati. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha Jumapili. Alieleza mvua, akaeleza wezi, akaeleza magunia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Akafika mlangoni.

"Alisema hivi," akasema. "'Mama watoto, hii mahindi imelowa. Usipatie watoto.'" Nilimwona Baba ameinua kichwa. "Kisha akasema, 'Kuja uchukue yangu. Yangu imekauka, na mimi sina mtoto wa kulisha.' Hivyo ndivyo alivyosema. Hakusema neno lingine."

Mama mkubwa alifumba macho. Wale wanaume wawili walikuwa wakitazama vidole vya miguu yao. Baba alikuwa ameshika magoti yake, na nilipomtazama usoni niliona hajali tena ukoo wala mabenchi wala mimi, alikuwa na Mama peke yao pale uwanjani, na katikati yao mtoto.

"Na kwa nini hukuchukua?" akauliza.

"Kwa sababu ilikuwa yake," Mama akasema.